Dobi wa Gisenyi na Mafuta Yaliyopotea Sikioni

Saa moja kasorobo asubuhi, Rayhana amekwisha kuinama juu ya sanduku la baridi. Ndani ya sanduku hilo, ambalo baridi yake ni nyuzi ishirini chini ya sifuri, umelazwa wembe mrefu wa chuma. Mbele ya wembe kimesimamishwa kidonge cheupe cha ute ulioganda, na katikati ya kidonge hicho limo sikio la ndani la simbilisi, lenye ukubwa wa punje ya njegere.

Anazungusha mpini mara moja. Kipande chembamba kinateleza juu ya wembe na kuanza kujikunja, nao mkono wake wa kushoto unakiwahi kwa brashi yenye nywele tatu tu. Vipande mia moja vya namna hiyo vikipangwa pamoja ndivyo vinavyotimiza unene wa milimita moja.

"Musipumue," anawaambia waliosimama nyuma yake, bila kugeuka. "Mukipumua, inaruka. Na ikiruka, kuna mutu anangoja jibu yake."

Kipande kinashuka juu ya kioo na kutulia. Hapo ndipo Rayhana mwenyewe anapovuta pumzi.

Rayhana ana umri wa miaka arobaini na saba. Wenzake humwita Mama Mudathiru, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Anafanya kazi katika Maabara ya Masikio ya Kivu, jengo la ghorofa moja lililo juu kidogo ya mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, mpakani magharibi mwa Rwanda. Hakusomea kazi hiyo katika chuo chochote. Alimaliza darasa la sita, akaingia katika duka la baba yake, aliyekuwa dobi, na kwa miaka ishirini na mitatu akafua, akapiga pasi na kuondoa madoa katika nguo za watu.

Leo hakuna mtu mwingine katika maabara hiyo anayeruhusiwa kukata masikio yanayotumika kupimia wagonjwa. Lakini njia iliyomfikisha hapo ilipita katika kosa kubwa, ambalo lilikuwa lake mwenyewe, na ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelitangaza.

Aliajiriwa kwa sababu ya koti. Miaka sita iliyopita, makoti meupe ya maabara yalikuwa yakipelekwa kufuliwa katika duka lao, lililo karibu na soko la mjini. Moja lilikuwa na doa la rangi ya zambarau ambalo kila mtu alikuwa amekwisha kulikatia tamaa. Siku ya tatu koti lilirudi jeupe kabisa. Daktari Ingabire, msimamizi wa maabara, alishuka mwenyewe hadi dukani kuuliza ni nani aliyelifua.

"Nilimkuta mama mmoja amekaa juu ya kigoda, ana chupa saba mbele yake, na kila chupa anaijua tabia yake," anakumbuka Daktari Ingabire, ambaye alizaliwa na kusoma Tanzania kabla ya wazazi wake kurejea Rwanda. "Nikamwambia, mama, mimi ninavyo vioo elfu mbili vinavyohitaji mtu mwenye subira kama yako."

Alianza kwa kuosha vioo na chupa. Mwaka wa pili alifundishwa kuloweka mifupa ya sikio katika dawa ya kuondoa chokaa, kwa maana mfupa unaolizunguka sikio la ndani ni mgumu kupita mifupa mingine yote, na huhitaji karibu wiki mbili kabla ya kukubali wembe. Mwaka wa nne alikabidhiwa wembe wenyewe.

Yafaa ielezwe kwa ufupi kazi hiyo ni ya nini. Ndani kabisa ya sikio kuna kifupa kilichojisokota kama nyumba ya konokono, na ndani yake zimo seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Kila seli imefunikwa na utando. Katika utando huo mna mafuta ya namna ya pekee, yaliyofungamana na sukari, ambayo wataalamu huyaita glaikolipidi.

Wapo wagonjwa wachache ambao kingamwili zao, yaani askari wa mwili, hudhaniwa kuyageukia mafuta hayo na kuyashambulia kana kwamba ni adui. Mgonjwa wa namna hiyo hupoteza usikivu katika wiki au miezi michache, sikio moja likifuatwa na jingine. Akitambuliwa mapema, ziko dawa zinazoweza kuituliza vita hiyo. Akichelewa, hakuna cha kutuliza tena.

Maabara ya Daktari Ingabire inajaribu kuwatambua watu hao. Majimaji ya damu ya mgonjwa hudondoshwa juu ya kipande cha sikio la simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya ambaye wakulima wa Nyakiriba humfuga majikoni. Kingamwili zikiyakuta mafuta yale, hushikamana nayo. Kisha hutiwa rangi maalumu, na chini ya hadubini kingo za seli huwaka kijani.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Kuanzia mwezi wa Machi mwaka jana, hakuna kilichowaka.

Wagonjwa thelathini na mmoja walipimwa kwa muda wa miezi saba. Wote thelathini na mmoja waliandikiwa jibu moja: hakuna. Igor, fundi kijana anayeshughulikia hadubini, aliandika barua tatu za malalamiko kwa wauzaji wa rangi walioko ng'ambo. Alibadilisha taa. Alibadilisha hata maji.

"Nilimlaumu kila mtu," anasema Igor, akichanganya Kifaransa. "Kitu kilichonichanganya ni kwamba kipande cha uhakiki kilikuwa kinawaka kila siku, vizuri kabisa. Donc mashine ni nzima, rangi ni nzima. Nikasema, bon, basi wagonjwa wetu hawana huo ugonjwa."

Kipande hicho cha uhakiki kilikuwa kikionyesha protini ya sikio, wala si mafuta yake. Hakuna aliyeitilia maanani tofauti hiyo.

Mgonjwa wa thelathini na moja alikuwa Gasana, fundi wa pikipiki wa Mahoko, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Gasana alikulia Uganda, na kazi yake huifanya kwa masikio. Mteja akimletea pikipiki, hamwulizi ina nini. Huiwasha, huinamisha kichwa, husikiliza kwa muda, kisha huchukua spana.

Sikio lake la kulia lilikufa mwezi wa Juni. La kushoto likaanza kufifia mwezi wa Septemba.

"Nilikuwa naona injini inatikisika, lakini sisikii kitu," anasimulia. "Unajua hiyo, boss? Ni kama mtu anakusemesha nyuma ya kioo. Mke wangu Olivia akaanza kuniandikia kwa karatasi. Siku moja akaniandikia: njoo ule. Nikaangalia ile karatasi, nikashindwa kula."

Daktari Ingabire alimshuku kuwa na ugonjwa ule hasa. Lakini Gasana ana kisukari, na dawa ya kuituliza vita ya kingamwili ingeweza kuipandisha sukari yake hadi hatarini. Daktari alihitaji ushahidi zaidi kabla ya kumtia mtu katika hatari ya namna hiyo. Ushahidi ulipokuja, ulisema: hakuna.

"Nilimrudisha nyumbani," anasema Daktari Ingabire. "Nilimwambia tungoje wiki chache tuone. Nilijua kwamba katika wiki hizo chache sikio lake la kushoto linakwenda."

Ilikuwa Jumapili iliyofuata, saa tisa alasiri. Rayhana alikuwa amekwenda dukani kumsaidia mdogo wake, Abdu, ambaye ndiye aliyerithi duka la baba yao. Mteja alikuwa ameleta mushanana, ile nguo ya heshima ya kike inayofungwa begani, ya rangi ya dhahabu, ikiwa imedondokewa na mafuta ya nyama katika arusi ya siku iliyotangulia.

Rayhana alichukua sabuni. Abdu akamcheka.

"Dada, kule ku maabara wamekusahaulisha kazi? Sabuni ya nini? Tia esanse! Mafuta itakimbia yote, nguo itabaki."

Esanse ni petroli. Kila dobi wa mji huo anajua kwamba doa la mafuta haliondoki kwa maji, bali huyeyushwa kwa petroli au spiriti. Rayhana aliyajua hayo kabla Abdu hajazaliwa. Lakini siku hiyo mkono wake ulisimama juu ya nguo, na sabuni ikamdondoka.

"Abdu anasema: dada, uko mugonjwa?" anasimulia. "Nilikuwa nasikia tu ile neno yake. Mafuta itakimbia yote, nguo itabaki. Nikasema, Mungu wangu, ni mi. Ni mi niko nafua ile kitu tunatafuta."

Kwa maana mwezi wa Machi, Rayhana alikuwa ameongeza hatua moja katika kazi yake bila kumwambia mtu. Vipande vilipokauka juu ya kioo, aliviona vimefunikwa na ukungu wa kijivu, kama kioo cha dirisha kilichoguswa na vidole vyenye mafuta. Maelekezo yalisema vioshwe kwa maji ya chumvi peke yake. Naye, mtoto wa dobi na mwenyewe dobi, alishindwa kukabidhi kitu chenye ukungu. Akawa anavichovya katika spiriti kali kwa muda wa dakika tano, kisha anavirudisha katika maji ya chumvi. Ukungu ulitoweka. Vioo viling'aa. Igor alimsifu kwa usafi wake.

Protini za sikio zilibaki mahali pake, kama nguo inavyobaki. Glaikolipidi ziliondoka pamoja na spiriti na kumwagwa katika ndoo ya taka.

"Mufuaji muzuri haachake mafuta kwa nguo ya mutu," anasema Rayhana. "Baba alitufundisha vile. Ile ilikuwa ni heshima yetu. Na mi heshima yangu ndo ilikuwa inaua kazi."

Aliimaliza ile mushanana, akaikunja, akaenda nyumbani. Anakiri kwamba alifikiria kunyamaza. Ingetosha kuacha kutumia spiriti kimyakimya, na vipande vingeanza kuwaka, na watu wote wangedhani ni rangi ya ng'ambo iliyotengemaa. Hakuna ambaye angejua.

"Lakini wale thelathini na mmoja wangebaki na jibu yangu ya uongo mu mufuko," anasema. "Na yule papa Gasana, mi nilimuona kwa mulango siku ile anaondoka. Bibi yake anamuvuta mukono sababu gari ilikuwa inapiga honi nyuma yake, yeye hasikii."

Jumatatu, kabla ya mkutano wa asubuhi kuanza, Rayhana alisimama. Alikuwa ameishika chupa ya spiriti mkononi. Aliiweka mezani mbele ya Daktari Ingabire na kueleza kila kitu, tangu ukungu wa kwanza hadi doa la mushanana.

Igor ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Miezi saba, mama! Na mimi nimewatukana wale watu wa rangi kwa barua tatu!"

"Utawaandikia ya nne," akamjibu Daktari Ingabire. "Ya kuomba radhi. Mama Mudathiru, unalo sikio lililo tayari?"

"Liko, Dokta."

"Basi likate. Kioo kimoja kioshe kama ulivyokuwa ukiosha. Kingine usikitie spiriti hata tone. Damu iwe ya Gasana kwa vyote viwili."

Rayhana anasema hajawahi kukata vizuri kama alivyokata asubuhi ile. Vipande kumi na viwili vilishuka juu ya vioo bila hata kimoja kujikunja. Sita vilipitishwa katika spiriti. Sita vilibaki na ukungu wao wa kijivu, navyo vilimwumiza macho, kwa kuwa mazoea ya miaka ishirini na mitatu hayamwachi mtu kwa siku moja.

Saa tisa na nusu, Igor alizima taa za chumba na kuinama juu ya hadubini. Kioo cha kwanza, kilichooshwa kwa spiriti, kilikuwa giza tupu. Akaweka cha pili. Akainama tena, kisha akainuka na kumsogezea Rayhana kiti.

"Sasa angalia wewe," alisema. "Mimi nimeona."

Rayhana hakuwa amewahi kuitwa kuangalia kabla ya daktari. Aliyoyaona anayaeleza kwa lugha ya duka lao.

"Ulishaona kanzu ya Idi, ile ya darizi kwa shingo? Ilikuwa vile. Kila seli imeshonewa pembeni na uzi ya kijani. Haikuruka hata moja. Nikalia mule mule ndani ya mashine, Igor akaniambia: mama, machozi ina chumvi, utaniharibia lensi."

Jioni hiyo hiyo Daktari Ingabire alimpigia simu Olivia. Siku iliyofuata Gasana alilazwa, sukari yake ikawa inapimwa kila baada ya saa nne, na dawa ikaanza. Daktari anasisitiza kwamba kipimo peke yake hakitoshi kumhukumu mgonjwa, na kwamba si kila anayepewa dawa hiyo hupona. Lakini kwa mtu huyu, dalili zake na kioo cha Rayhana vilisema neno moja.

Siku ya tisa, Gasana alikuwa amelala ubavu. Olivia alikuwa akizungumza na muuguzi karibu na dirisha, akilalamika kwamba mumewe anakoroma kama jenereta.

"Nikamwambia: mimi sikoromi," anasema Gasana, akicheka kwa sauti kubwa. "Akageuka, akashika mdomo. Aliniuliza kwa sauti ndogo kabisa: umenisikia? Nikasema, nimekusikia, na tutaongea hiyo maneno nyumbani!"

Baada ya wiki sita, kipimo cha usikivu kilionyesha kwamba sikio lake la kushoto limerudi karibu lilivyokuwa. La kulia halikurudi, wala halitarudi. Gasana amekwisha kufungua tena karakana yake ya Mahoko.

Siku aliyokwenda maabara kutoa shukrani, aliomba aonyeshwe dobi.

"Kumbe ni wewe uliyenifua masikio?" alimwuliza, uso ukiwa mkavu.

Rayhana aliinamisha kichwa. "Ni mi, papa. Unisamehe."

"Ulinifua hadi nikatakata, mama. Sasa niachie huu uchafu wangu niliobaki nao!"

Wote waliokuwapo walicheka, na Rayhana akacheka akilia.

Hakufukuzwa kazi. Daktari Ingabire alimtaka aliandike kosa lake kwa mkono wake katika daftari la maabara, hatua kwa hatua, ili yeyote atakayekuja baadaye asilirudie. Rayhana aliandika ukurasa mzima na kutia sahihi. Kisha daktari alichukua kalamu ile ile, akatia sahihi yake chini.

"Yeye aliongeza hatua," anasema daktari. "Mimi sikusimama kando yake hata siku moja kwa miezi saba kuangalia anachofanya. Kosa lile lina watu wawili. Lakini ushindi ule ni wa mtu mmoja. Angekaa kimya, ningekuwa bado nawarudisha watu nyumbani."

Ukurasa huo umenakiliwa na kubandikwa ukutani juu ya sanduku la baridi. Chupa ya spiriti imepandishwa kwenye rafu ya juu kabisa, ambako Rayhana, mwenye kimo kifupi, haifikii bila kigoda. Alichagua mahali hapo yeye mwenyewe.

Wote thelathini na mmoja walipimwa upya. Ishirini na wanane walipata jibu lile lile la kwanza, na sasa wanaweza kuliamini. Watatu waliwaka. Wa kwanza ni Gasana. Wa pili, mwalimu wa shule ya msingi, ameanza dawa na anaendelea vizuri.

Wa tatu ni mama mmoja mkulima wa Busasamana, chini ya milima ya volkano. Namba ya simu aliyoiacha haipatikani. Jumbe mbili zilizotumwa kupitia jirani zake hazikujibiwa. Daktari Ingabire alikusudia kumtuma mtumishi mwingine ampelekee barua iliyofungwa yenye jibu jipya, lakini Rayhana aliomba aipeleke yeye.

"Jibu ya kwanza nilimupa mi," anasema. "Na ya pili nitamupa mi. Nitaingia nyumba kwa nyumba mupaka nimufikie. Na kama hasikii tena mulango ikigongwa, nitaingia ndani nimushike mukono."

Leo ni Jumamosi, na kazi ya asubuhi imekwisha. Vipande kumi na vinne vimelala juu ya vioo vyao, vina ukungu wa kijivu, na Rayhana anavifunika bila kuvigusa. Anavua koti, anafunga vizuri mtandio wake, anatia barua ndani ya mkoba na kutoka hadi langoni.

Gasana anamngoja pale na pikipiki. Amekuja kutoka Mahoko kwa hiari yake, baada ya kusikia habari za safari hiyo. Rayhana anapanda nyuma, anavaa kofia ngumu.

Injini inawaka. Gasana hatii gia. Anainama upande, analisogeza sikio lake la kushoto karibu na chuma, na kuinua kidole.

"Unasikia, mama?"

"Mi sisikie kitu. Iko sawa tu, papa. Twende!"

"Haiko sawa. Kuna valvu inagonga. Ndogo sana." Anazima, anashuka, anachukua spana mfukoni. Anakaza mahali fulani kwa mzunguko usiofika nusu, kisha anawasha tena na kusikiliza.

Uso wake unakunjuka.

"Sasa," anasema, na wanaondoka kuelekea Busasamana.